Viza ya kuungana na mwenzi nchini Ujerumani

Viza ya kuungana na mwenzi nchini Ujerumani (kwa Kijerumani: Ehegattennachzug) ni ruhusa ya kuingia na kuishi Ujerumani ambayo hutolewa kwa mume au mke wa mtu anayeishi huko. Ni sehemu ya utaratibu wa kuunganisha familia, ambao unahusu pia watoto na, mara chache, wazazi. Msingi wake ni Sheria ya Ukaazi (Aufenthaltsgesetz) iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, hasa vifungu vya 27 hadi 36.

Mwenye viza hii anaruhusiwa kufanya kazi ya kuajiriwa au kujiajiri tangu anapoingia nchini. Hata hivyo, haki yake ya kukaa hutegemea ndoa kwa miaka 3 ya kwanza. Tena, ruhusa ya kufanya kazi si sawa na kutambuliwa kwa taaluma aliyosomea nyumbani. Mambo haya mawili huamua kwa kiasi kikubwa maisha ya anayehama kumfuata mwenzi wake.

Historia

Kuanzia mwaka 1955 Ujerumani Magharibi ilifanya mikataba na nchi mbalimbali ili kupata wafanyakazi wa viwandani na migodini. Mkataba wa kwanza ulikuwa na Italia, na ule wa Uturuki ulifuata mwaka 1961. Wafanyakazi hao waliitwa "wafanyakazi wageni", maana ilidhaniwa kwamba watarudi kwao baada ya muda mfupi.

Mwezi Novemba 1973, wakati wa mgogoro wa mafuta, serikali ilisimamisha uajiri huo. Wafanyakazi wengi waliogopa kwamba wakiondoka hawataruhusiwa kurudi, wakaamua kubaki na kuwaita wake, waume na watoto wao. Tangu hapo kuungana kwa familia kukawa njia mojawapo kuu ya kuhamia Ujerumani.

Serikali haiwezi kufuta njia hiyo moja kwa moja, kwa sababu kifungu cha 6 cha Katiba ya mwaka 1949 kinaweka ndoa na familia chini ya ulinzi maalumu wa dola. Inaweza lakini kuweka masharti, na masharti hayo yamebadilika mara nyingi.

Nani anastahili

Ndoa iwe halali kisheria katika nchi ilipofungwa, na wenzi wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Ndoa ya watu wa jinsia moja inatambuliwa katika sheria ya Ujerumani tangu tarehe 1 Oktoba 2017.

Ndani ya Ujerumani ni ndoa iliyofungwa mbele ya msajili wa serikali tu inayotambuliwa. Utaratibu huo ulianza nchini kote tarehe 1 Januari 1876. Ndoa iliyofungwa kanisani, msikitini au kimila katika nchi nyingine inaweza kukubaliwa, mradi sheria ya nchi hiyo inaitambua na iko hati ya kuithibitisha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa za dini na za kimila. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataja aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kwa hiyo wanandoa waliooana kimila bila kusajili ndoa yao hulazimika kwanza kupata cheti cha ndoa.

Mume mwenye wake zaidi ya mmoja hawezi kuwaita wote. Ikiwa mke mmoja anaishi naye Ujerumani, mke mwingine hapewi kibali kwa msingi wa ndoa hiyo.

Wachumba na wapenzi ambao hawajaoana hawana viza yao maalumu kwa msingi wa uhusiano pekee. Wachumba wanaweza kuomba viza ya kwenda kufunga ndoa Ujerumani, baada ya ofisi ya msajili wa ndoa (Standesamt) kuthibitisha kwamba hati zao zimekamilika.

Mzazi wa mtoto ambaye ni raia wa Ujerumani na yuko chini ya umri wa miaka 18 ana njia yake. Akiwa na haki ya malezi ya mtoto huyo, anaweza kupewa kibali hata kama hajaoana na mzazi mwenzake, tena bila kudaiwa cheti cha lugha.

Masharti

Masharti hutegemea hali ya mwenzi aliyeko Ujerumani.

Mwenzi ni raia wa Ujerumani. Kwa kawaida kipato chake si kikwazo, kwa kuwa raia hawezi kuambiwa akaishi na ndoa yake katika nchi nyingine kwa sababu ya umaskini. Anayehamia hudaiwa kuthibitisha kwamba anajua Kijerumani cha msingi.

Mwenzi ni mgeni mwenye kibali cha ukaazi. Huyu anatakiwa kuonyesha kipato cha kutosha kwa familia bila msaada wa serikali, bima ya afya, na makazi yenye nafasi. Kanuni za utekelezaji hukadiria mita za mraba 12 kwa kila mtu aliyezidi miaka 6. Wafanyakazi wenye ujuzi wamepunguziwa baadhi ya masharti haya.

Mwenzi ni raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Mfaransa au Mwitalia anayefanya kazi Ujerumani hulindwa na Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2004/38. Mke au mume wake hadaiwi cheti cha lugha, na viza yake hutolewa bure. Katika kesi ya Metock ya mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba haki hiyo haitegemei kama mwenzi aliwahi kuishi kihalali katika nchi nyingine ya Umoja kabla ya hapo. Kwa njia hii mgeni kutoka Ufaransa anaweza kumleta mwenzi wake Ujerumani kwa urahisi kuliko Mjerumani mwenyewe.

Mwenzi ni mkimbizi. Mkimbizi aliyetambuliwa hasumbuliwi kuhusu kipato na makazi ikiwa ombi la familia limetolewa ndani ya miezi 3 baada ya kutambuliwa. Wenye ulinzi wa ngazi ya chini walifungiwa njia hii kuanzia mwaka 2016 hadi 2018, na mwezi Julai 2025 ikasimamishwa tena kwa miaka 2.

Mtihani wa lugha

Tangu mwezi Agosti 2007 mwenzi anayehamia hutakiwa kuonyesha cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza. A1 ni ngazi ya chini kabisa kati ya ngazi sita za Ulaya: mtu aweze kujitambulisha, kuuliza bei au njia, kuelewa tangazo fupi na kujaza fomu rahisi. Mtihani una sehemu za kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na anayepata alama 60 kati ya 100 amefaulu.

Katika Afrika Mashariki kozi na mitihani hupatikana kwenye taasisi ya Goethe-Institut mjini Nairobi na Dar es Salaam. Anayeishi mbali na miji hiyo hubeba gharama ya nauli, malazi na ada, na pengine huacha kazi au biashara yake kwa miezi kadhaa. Hivyo ngazi ambayo mkazi wa mjini aliyesoma sekondari huifikia bila shida kubwa, kwa mtu wa kijijini aliyeishia darasa la saba inaweza kuwa kizuizi kikubwa.

Serikali ilieleza kwamba sharti hili linazuia ndoa za kulazimishwa na kumsaidia mgeni asiishi amefungiwa ndani kwa kutojua lugha. Wapinzani walisema kwamba linatenganisha wanandoa, na kwamba lugha hujifunzwa haraka zaidi na kwa gharama ndogo mtu akiwa tayari Ujerumani.

Wafuatao wamesamehewa:
- mwenzi wa mtu mwenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, na tangu mwisho wa mwaka 2022 mwenzi wa mfanyakazi mwenye ujuzi;
- mwenzi wa mkimbizi aliyetambuliwa, ikiwa walioana kabla ya mkimbizi kuhamia Ujerumani;
- mwenzi wa raia wa nchi kama Marekani, Japani au Australia anayeishi Ujerumani;
- mtu asiyeweza kujifunza kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu.

Tarehe 4 Septemba 2012 Mahakama Kuu ya Utawala ya Shirikisho iliongeza msamaha mwingine. Mwenzi wa raia wa Ujerumani asizuiwe ikiwa hawezi kujifunza lugha kwa njia inayostahimilika, au amejitahidi kwa mwaka mmoja bila kufaulu. Anayetegemea msamaha huu hana budi kutunza stakabadhi za ada, ratiba za masomo na matokeo ya mitihani, kwani jitihada hizo hupimwa kwa ushahidi.

Utaratibu wa maombi

Ombi hutolewa kwa ubalozi wa Ujerumani kabla ya safari. Ada ni euro 75 kwa mtu mzima. Kwa kawaida huhitajika pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha lugha, nakala ya kitambulisho au kibali cha mwenzi aliyeko Ujerumani na uthibitisho wa anwani yake. Hati hutafsiriwa kwa Kijerumani. Katika baadhi ya nchi za Afrika ubalozi humtuma wakili anayeaminika kuchunguza ukweli wa hati mahali zilipotolewa, na gharama hulipwa na mwombaji.

Ubalozi hupeleka jalada kwa ofisi ya wageni (Ausländerbehörde) ya mji anapoishi mwenzi. Ofisi hiyo humwita mwenzi na kuchunguza masharti, kisha hujibu. Kwa sababu hiyo ombi huchukua wiki nyingi au hata miezi.

Ikiwa maofisa wanashuku kwamba ndoa ni ya jina tu, huwahoji wenzi wote wawili kila mmoja peke yake: walikutana vipi, nani alihudhuria harusi, mwenzi anafanya kazi gani. Ndoa iliyofungwa kwa shabaha ya kupata kibali tu, au kwa kulazimishwa, haitoi haki yoyote. Picha, barua na kumbukumbu za simu husaidia, hasa pale wanandoa walipoishi pamoja kwa muda mfupi tu.

Ombi likikataliwa, mwombaji anaweza kufungua kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja baada ya kupokea uamuzi. Njia ya zamani ya kuuandikia ubalozi barua ya pingamizi ilifutwa tarehe 1 Julai 2025. Mwombaji anaruhusiwa pia kuomba upya akiwa amerekebisha kasoro.

Kosa la kawaida ni kuingia kwa viza ya matembezi ya siku 90 kwa nia ya kubaki. Kwa kanuni, viza hiyo haibadilishwi kuwa kibali cha ukaazi, na mtu huweza kuambiwa arudi nyumbani kuomba upya. Wenzi wengine hufunga ndoa Denmark, ambako hati zinazodaiwa ni chache. Ndoa hiyo hutambuliwa Ujerumani, lakini haiondoi wajibu wa kuomba viza.

Haki ya kufanya kazi

Zamani haki ya mwenzi ilifuata haki ya yule aliyetangulia: asiyeruhusiwa kufanya kazi bila masharti hakuweza kumpa mwenzi wake haki hiyo. Tangu mwezi Septemba 2013 kila kibali cha kuungana na familia kinaruhusu kazi yoyote ya halali, bila kibali kingine.

Baada ya kufika, mgeni hujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 tangu anapohamia kwenye nyumba, kisha huomba kibali cha ukaazi kwenye ofisi ya wageni kabla viza haijaisha. Mwenzi asiye na kipato anaweza kuingizwa bila malipo ya ziada katika bima ya afya ya umma ya mwenzake. Anayeajiriwa analindwa na kima cha chini cha mshahara, ambacho kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025.

Ugumu huanza pale mtu anapotafuta kazi aliyosomea. Nchini Ujerumani baadhi ya taaluma hazifanywi bila cheti kutambuliwa rasmi: udaktari, uuguzi, ufamasia, ualimu katika shule za serikali na nyinginezo. Sheria ya mwaka 2012 ilimpa kila mwenye cheti cha nje haki ya kuomba kilinganishwe na cha Ujerumani. Matokeo yanaweza kuwa kukubaliwa kikamilifu, kukubaliwa nusu na kutakiwa kuongeza mafunzo, au kukataliwa.

Kwa mfano, muuguzi hudaiwa Kijerumani cha ngazi ya B2 mbali na ulinganisho wa cheti chake. Mara nyingi hufanya kazi kama msaidizi wa wauguzi wakati akisubiri. Ualimu uko mikononi mwa majimbo 16, na kwa kawaida mwalimu anatakiwa awe na masomo mawili ya kufundishia pamoja na Kijerumani cha juu. Dereva naye hutumia leseni ya Kenya au Tanzania kwa miezi 6 tu. Baada ya hapo hufanya upya mtihani wa nadharia na wa barabarani.

Taaluma nyingine, kama uhasibu wa ofisini, uandishi wa programu za kompyuta au biashara, hazidai kutambuliwa kwa cheti kisheria. Hapo mwajiri ndiye anayeamua, ingawa hati rasmi ya kulinganisha shahada humsaidia mwombaji.

Njia nyingine ni kuanza mafunzo ya ufundi ya Kijerumani. Mafunzo haya huunganisha shule na kazi, mengi huchukua miaka 3, na mwanafunzi hulipwa posho kila mwezi. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 35 na shahada mkononi, kurudi kuwa mwanagenzi ni uamuzi mgumu. Hata hivyo, cheti hicho kinaeleweka kwa kila mwajiri nchini.

Serikali hutoa pia kozi ya kuwasaidia wageni kuzoea nchi, ambayo kwa kawaida ina saa 700: saa 600 za lugha hadi ngazi ya B1, na saa 100 za historia, sheria na maisha ya jamii. Asiyejua Kijerumani cha kutosha anaweza kulazimishwa kuhudhuria. Anayekimbilia kazi ya usafi au ya jikoni na kuiacha kozi hupata pesa mapema, lakini mara nyingi hubaki katika kazi hizo kwa muda mrefu.

Kutegemea ndoa

Katika miaka ya mwanzo kibali cha mwenzi husimama juu ya ndoa na maisha ya pamoja. Wakitengana kabla ya muda uliowekwa, kibali kinaweza kufupishwa au kutoongezwa. Muda huo ulikuwa miaka 4, ukapunguzwa kuwa 2 mwaka 2000, kisha ukapandishwa kuwa 3 mwaka 2011. Unahesabiwa kwa maisha ya pamoja ndani ya Ujerumani, wala si tangu siku ya harusi. Waliooana miaka 6 iliyopita lakini wakaishi pamoja Ujerumani kwa mwaka mmoja tu wanahesabiwa mwaka mmoja.

Kifungu cha 31 cha sheria kinaweka nafuu. Mwenzi akifariki, aliyebaki anaweza kupewa kibali chake mwenyewe bila kungoja miaka 3. Vilevile anayepigwa au kuteswa nyumbani halazimiki kuvumilia ili atimize muda; sheria inataja ukatili wa nyumbani kuwa ugumu wa pekee unaoondoa sharti hilo. Taarifa ya daktari, ya polisi au ya nyumba ya hifadhi ya wanawake ni ushahidi muhimu. Simu ya msaada kwa wanawake, namba 116 016, hupokelewa saa 24 bila malipo na kwa lugha nyingi.

Si watu wote wanaoijua nafuu hii. Tishio la "nitakurudisha kwenu" hupata nguvu pale anayetishwa anapodhani kwamba mwenzi wake ndiye mwenye mamlaka juu ya kibali. Ukweli ni kwamba mwenzi anaweza kutoa taarifa kuwa wametengana, lakini uamuzi ni wa ofisi ya wageni, na uamuzi huo unaweza kupingwa mahakamani.

Ukaazi wa kudumu na uraia

Mwenzi wa raia wa Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3, ikiwa bado wanaishi pamoja, familia inajitegemea na anajua Kijerumani cha ngazi ya B1. Kibali hicho hakina mwisho.

Anaweza pia kuomba uraia baada ya kukaa nchini kihalali miaka 3, ndoa ikiwa imedumu angalau miaka 2. Hufanya mtihani wa maswali 33 kuhusu sheria na jamii, na hutakiwa kupata angalau 17.

Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haimlazimishi tena mwombaji kuacha uraia wake wa kwanza. Hivyo uamuzi umebaki kwa nchi aliyotoka. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya mwaka 2010. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari. Kwa sababu hiyo Watanzania wengine walioolewa au kuoa Ujerumani hubaki na ukaazi wa kudumu, ambao unawapa haki ya kuishi na kufanya kazi lakini si ya kupiga kura.

Njia nyingine kwa wasiooana

Mtu ambaye hajaoa au kuolewa anaweza kwenda Ujerumani kwa sababu yake mwenyewe, akitimiza masharti ya viza husika: masomo ya chuo, mafunzo ya ufundi, kazi ya kujitolea ya mwaka mmoja, au kulea watoto katika familia kama au pair kwa vijana wasiozidi miaka 26. Tangu tarehe 1 Juni 2024 ipo pia Kadi ya Fursa (Chancenkarte), inayompa mwenye elimu au ufundi mwaka mmoja wa kutafuta kazi na kumruhusu afanye kazi hadi saa 20 kwa wiki. Asiye na cheti kilichotambuliwa kikamilifu anahitaji pointi 6, zinazohesabiwa kwa lugha, uzoefu, umri na mengineyo. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi.

Viza hizi hudai fedha au mkataba, na nyingi zina mipaka ya kazi. Zina faida moja: kibali hakitegemei uhusiano na mtu mwingine. Uhusiano ukivunjika, mwanafunzi hubaki mwanafunzi na muuguzi hubaki na mkataba wake.